Chaudière ya Parrain Josias

Chaudière ya nyumba, mashine ya gesi inayopasha moto radieta, ilikufa mwanzoni mwa Novemba, na Euphrasie hakusikitika. Alikuwa akiisubiri ife. Kwa bibi mzee mmoja wa mtaa wa Uccle, anakofanya kazi ya kumtunza, alikuwa ameona pampu ya joto, pompe à chaleur, ikivuta joto kutoka hewa ya nje, bila moto wala gesi, na bibi akakaa na sweta nyepesi huku bustani imeganda. Alirudi kwake Auderghem akiitaka hiyo hiyo. Fundi Yasmina alikuja akapima vyumba vyote, akagusa kuta na madirisha mapya, akasema nyumba inafaa. Guylain, mumewe, alikubali. Kazi ilikuwa ianze Jumamosi. Wakati huo walilala na makoti, na Euphrasie hakulalamika.

Ijumaa mchana kengele ikalia. Mlangoni alisimama Parrain Josias, aliyewasimamia ndoa kanisani, na ambaye kabla ya hapo aliwapokea nyumbani kwake walipofika kutoka Bukavu na begi moja. Nyuma yake Noé, fundi wa gesi anayeimba naye kwaya, alikuwa akishusha kitu kizito kilichofunikwa blanketi.

"Bon, watoto yangu, minasikia munaganda na baridi," alisema Josias. "Leo njo mwisho. Chaudière ya gaz, iko muzima kabisa. Noé atafunga sasa hivi."

Euphrasie alimtazama mumewe. Guylain alitazama viatu vyake.

"Aksanti sana, parrain," alisema Euphrasie, "lakini tulishachagua pompe à chaleur."

"Ile frigo ya inje?" Josias alicheka mpaka kofia ikamteleza. "Maman Euphrasie! Kama frigo inaleta moto, basi uingie mu congélateur ya barafu, utatoka jasho!"

Noé alicheka. Guylain naye alicheka, na hilo ndilo lililomchoma Euphrasie.

"Hii mulitoa wapi?" aliuliza.

"Uccle, kwa wazungu fulani. Banaitupa ingali muzima!"

"Banaitupa juu ya sababu gani?"

Josias alianza kufunua blanketi. Noé, ambaye hajui kudanganya, akajibu, "Banaweka pompe, maman."

Sentensi moja tu ya mwenye nyumba ingetosha hapo. Badala yake Guylain alifungua mlango wote na kusema, "Karibu, parrain."

Jikoni Euphrasie alimshika mumewe mkono. "Sema naye."

"Niseme nini? Muntu alitulalisha kwake, alitulisha. Nimwambie arudishe zawadi?"

"Umwambie aksanti, na hapana."

"Alors, basi sema weye."

Mambo kama haya kwetu tunayaita heshima. Mara nyingi ni woga, na anayelipa ni yule ambaye hakuulizwa. Lakini Euphrasie hakuwa tayari kulipa. Alitoka jikoni na maneno yake tayari mdomoni.

Akamkuta Josias amepiga magoti sakafuni, magoti yale yenye maumivu, kiganja chake juu ya bati la chaudière. Alikuwa akiiombea nyumba. Alitaja jina la Guylain, akataja jina la Euphrasie, akamshukuru Mungu kwamba watoto wake hawatasikia tena baridi. Alikuwa mtu mwema, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba wema wake unaweza kumkosea mtu.

Sala ilipoisha, Josias aligeuka kumtazama.

"Amina," alisema Euphrasie.

Noé akaanza kukaza mabomba. Euphrasie alipanda ngazi na kumpigia Yasmina, akamwambia asije. Yasmina aliuliza kama kuna kasoro kwenye mpango wao. Hapana, mpango ni mzuri, alijibu. Kuna nini basi, bibi? Euphrasie alimwomba radhi kwa usumbufu, akakata simu.

Kabla ya giza radieta zilianza kugonga ndani kwa ndani, kisha zikapata moto. Josias alimwita kutoka chini.

"Maman Euphrasie! Unasikia moto?"

Aliweka mkono juu ya radieta. Ilikuwa inaunguza.

"Ninasikia, parrain."