Tangu Lini Karibu Inauzwa

Pasi ya kusafiria ya dada yangu ilikaa chini kabisa ya sanduku lake la nguo, imeviringishwa ndani ya kanga. Wakala alikuwa ameshampatia nyumba ya kufanya kazi Uarabuni. Mama alilia, mimi nikafoka kama kawaida yangu, na dada, aliyesomea ualimu akangoja ajira mpaka akachoka hata kuulizwa, akatupatia msimu mmoja wa kahawa tujaribu biashara. Biashara yetu ikisimama, angebaki nyumbani. Isiposimama, angekwenda. Watu wakiniambia kuwa ile ilikuwa biashara ndogo tu, huwa nakataa, maana kwangu ilikuwa dada yangu.

Biashara yenyewe ilikuwa akamwani, kahawa ya kutafuna. Hapa kwetu Ndama, kama ilivyo Karagwe yote na Kyerwa, buni huchumwa kabla hazijaiva sana, huchemshwa na majani yenye harufu, kisha huanikwa mpaka zikauke kabisa. Mgeni akishaketi, huletewa kwenye akaibo, kikapu kidogo chenye kifuniko. Mwenyeji hutafuna ya kwanza ili mgeni aone haina ubaya, kisha mgeni naye huchukua. Sisi tulitaka kuitia kwenye pakiti nzuri, iuzwe madukani na stendi, ifike mpaka Dar.

Akiba yetu ya matangazo iliishia kwenye stika. Redioni tulikwenda kuulizia bei ya tangazo, tukashukuru, tukatoka kwa adabu. Ikabaki simu yangu. Nilipiga picha pakiti juu ya jani la mgomba, nikaiweka kwenye status, nikaituma kwenye makundi yote ya WhatsApp ya watu wa kwetu walioko Dar na Mwanza. Mioyo ilimiminika. Mmoja akaandika kuwa machozi yamemtoka, mwingine kwamba ameisikia harufu ya kwa bibi yake. Dada alinishika mkono kwa furaha. Baadaye tukajua walichofanya baada ya kulia: walipiga simu nyumbani, mama zao wakawatumia za bure kwa basi. Tangazo letu lilifanya kazi sana, ila halikutufanyia kazi sisi.

Kabla ya hapo tulikuwa tumehudhuria semina ya ujasiriamali pale Kayanga. Mkufunzi, kijana mwenye shati lililonyooka, alisema biashara ni matangazo, na asiye na fedha ya matangazo agawe bidhaa. "Waonjesheni," alisema. "Mteja akishaonja, mmemnasa." Mama tulipomsimulia alicheka. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," akasema, akaendelea kumenya ndizi. Nilimkasirikia. Nilimwona mtu wa zamani asiyejua soko.

Basi tukajitembeza. Tulipanda bodaboda na kiroba cha pakiti mpaka gulioni Nyakatuntu, tukatandika meza, na dada akaweka akamwani za kuonja. Aliziweka kwenye akaibo ya mama. Hatukufikiri hata kidogo. Ungeweka kwenye nini kingine? Na kila aliyesogea, dada alimwamkia shikamoo au habari, akatafuna moja mbele yake, kisha akamnyooshea kikapu kwa mikono miwili. Ndivyo tulivyolelewa.

Watu walikuja, jamani! Walikuja mpaka muuza mitumba jirani yetu akaanza kununa. Walipokea kwa heshima, wakatafuna taratibu, wakatuuliza sisi ni watoto wa nani, wa ukoo gani, mama hajambo. Mzee mmoja mfugaji alikaa kabisa kwenye kiti chetu, akatueleza habari za malisho mpaka jua likawa kali. Hakuna aliyegusa pakiti. Lakini hawakuondoka hivihivi. Mmoja alirudi na maharage kwenye kitambaa, mwingine akaleta maparachichi, mwingine mkungu mzima wa ndizi. Mpaka saa za jioni meza yetu ilionekana kama ya watu waliokuja kununua.

Ndipo akaja bibi mmoja, kanga yake imefungwa begani, kuku kwapani. Alikuwa ametafuna asubuhi. Akamkabidhi dada yule kuku.

"Webare, asante, mwanangu," akasema. "Siwezi kutafuna kwa mtu nikamwacha mikono mitupu."

"Bibi, tunashukuru sana," nikaingilia, maana uvumilivu ulikuwa umenishinda. "Lakini kuku ni wako. Sisi tunauza. Hizi pakiti hapa ndizo za kuuza."

Aliitazama pakiti, akanitazama mimi. Hakukasirika, na ningependa angekasirika.

"Mnauza akamwani?"

"Ndiyo, bibi."

"Kwa mgeni?"

Akamgeukia dada, aliyekuwa bado ameshika kikapu kwa mikono miwili, akamwuliza kwa upole kabisa, "Tangu lini karibu inauzwa, mwanangu?"

Dada aliinamisha kichwa kama mtoto aliyekemewa. Kuku akabaki.

Tulirudi na mzigo mkubwa kuliko tuliokwenda nao, na pakiti zetu zote. Dada hakulala kwa zile buni alizotafuna. Asubuhi nilimkuta ameketi kitandani, moyo unamwenda mbio, anatabasamu. "Walitupenda," akaniambia. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kupendwa hakulipi hata nauli ya bodaboda. Tulijaribu tena, gulio la Rugera na kwingine, safari hii kwa sahani ya plastiki na bila kutafuna mbele ya watu. Huko hawakuonja kabisa. Walipita mbali na meza, kama vile tulikuwa na jambo tunaloficha.

Nilikwenda duka kwa duka pale Kayanga. Mfanyabiashara mmoja, mtu wa Muleba, alikubali kuziweka karibu na biskuti. Niliporudi kumwona, stika zilikuwa zimefifia kwa jua. "Binti, usinielewe vibaya," alisema. "Hata mimi naletewa na mama." Akanirudishia pakiti zikiwa zimefutwa vumbi vizuri.

Msimu ukaisha. Dada hakutangaza lolote. Siku moja nilikuta ile kanga imeanikwa kwenye kamba, nikajua pasi imetoka sandukuni. Nilijifungia jikoni nikalia kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua nimpelekee nani. Mkufunzi? Yule bibi? Wote walikuwa wameniambia kweli.

Alipoondoka, majirani walianza kuja kumpa mama pole, kama wanavyokuja penye msiba. Walijaa sebuleni, wengine uani kwenye mikeka. Akamwani za nyumbani zilikwisha mara moja. Mama hakuniuliza. Alikwenda kwenye boksi letu, akachana pakiti moja baada ya nyingine, akazimimina kwenye akaibo, akatafuna ya kwanza, akazungusha. Niliokota stika sakafuni nikazitia motoni. Mpaka wageni wanakwisha kuja, boksi lilikuwa tupu.

Dada alichelewa kupiga simu, na alipopiga alinong'ona. Alisema yuko salama. Alisema nyumba ile ina wageni wengi, na huko nako mgeni hupewa kahawa, kwenye vikombe vidogo, pamoja na tende.

"Ninayeizungusha ni mimi," akasema. "Tangu nimefika, hakuna aliyenipa."

Akabadilisha maneno haraka, akauliza habari za mama, kisha akauliza zile pakiti zetu zilibaki ngapi, kama naweza kumpata mtu wa kumletea moja.

"Zimekwisha," nikasema.

"Zote?"

"Zote."

Nilisikia mtu akimwita kwa ukali huko aliko, na yeye akiitikia. Kisha akarudi kwenye simu, sauti yake imechangamka kama siku ile ya mioyo ya WhatsApp.

"Nilijua zitauzika," akasema. "Loo, mdogo wangu. Si ningengoja kidogo."