Kanzu za Maulidi zilivyogeuka rangi ya chai, na ndimu iliyoniokoa na aibu Kisauni

Wakuu, nawasabahi nyote, wa bara na wa pwani.

Kuna mwenzetu humu kalalamika kuwa nguo zake nyeupe zinageuka manjano hata akibadilisha sabuni. Nimeshindwa kunyamaza. Haya yamenipata mwenyewe na sitii chumvi. Chumvi imo ndani ya kisa, lakini ina kazi yake, mtaiona.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa dobi Kisauni. Kibanda cha mabati, pasi za makaa, kamba za kuanikia nyuma ya nyumba, na mke wangu Mwanasha, ambaye kusema kweli ndiye aliyekuwa na kichwa cha biashara. Nilikuwa mgeni kwenye kazi. Wateja wangu walikuwa wa suruali na mashati.

Kwa wasiojua: kwetu dobi hapimwi kwa suruali. Hupimwa kwa kanzu. Kanzu ikitoka na doa, mtu anaivaa msikitini, anaulizwa "umefuliwa na nani?", na hapo jina lako limekwisha.

Basi Maulidi yakakaribia. Maalim Athumani, mwalimu wa madrasa ya mtaani kwetu, akaniletea kanzu za wanafunzi wake wote watakaotoka kwenye zefe, yale maandamano ya dufu na kaswida. Siku hiyo watu wote hukaa barazani kutazama. Zikitoka nyeupe, sihitaji tangazo tena maishani. Zikiharibika, nifunge kibanda.

Nilifurahi mpaka nikakosa usingizi.

Ila kanzu yake mwenyewe hakuileta. "Yangu imezoea dobi wa mjini," akasema kwa upole. Nikacheka naye, lakini iliniuma.

Wiki ile ile mifereji ya majumbani ikakauka. Wa Kisauni mnaijua hiyo habari, sina haja ya kueleza. Nikahamia kisima cha pampu cha jirani. Maji maangavu, unaona mpaka chini ya ndoo. Yalikuwa na kiharufu cha chuma, kama sarafu iliyoshikwa kwa mkono wenye jasho, lakini nani ana muda wa kunusa maji na zefe linakuja?

Nikafua. Nikatia bleach kama kawaida. Nikaanika.

Zikakauka na mabaka ya manjano.

Nikaongeza bleach. Manjano yakazidi. Nikasema bleach hii imechakachuliwa, nikanunua ya duka jingine nikamimina bila huruma. Sasa kanzu zikawa rangi ya chai ya maziwa. Nikaona nizizibe kwa buluu, ile tunayotia kwenye maji ya mwisho ili nyeupe ing'ae. Wakuu, buluu juu ya manjano mnajua inazaa nini. Kanzu ya kwanza ilitoka kijani.

Mwanasha akaiinua kwa vidole viwili. "Hini ni ya zefe ama ya kuwindia?"

Nikamnyang'anya nikairudisha kambani. Nilikuwa na hofu ya kweli.

Asubuhi iliyofuata Maalim akapita. Akazitazama kambani, akashika upindo wa moja, akauachia.

"Mwanangu," akaniambia, "zefe ni kesho kutwa baada ya alasiri. Kama zimekushinda si aibu. Nipa nizipeleke mjini."

"Nipe mpaka kesho, Maalim. Inshallah zitatakata."

"Inshallah," akasema, lakini ile ya mtu asiyetarajia kitu.

Adhuhuri nikakaa kwenye kigoda, sina hamu ya kula. Mwanasha akapika chai ya rangi kwa maji yale yale ya pampu. Akanimiminia. Nyeusi ti, kama wino.

"Haya mai yana nini?" akasema. "Tangu juzi chai yangu yatoka hivi. Ngoja nikutilie ndimu."

Akakamua.

Wakuu, ile chai ilifunguka mbele ya macho yangu. Weusi ukatoweka, ikawa nyekundu safi, unaona mpaka majani chini ya kikombe. Mimi nimekunywa chai ya ndimu tangu utotoni na sijawahi kuitazama. Siku ile niliitazama.

Nikaacha kikombe pale pale. Nikachukua ndoo ya maji matupu ya pampu, hayana nguo wala sabuni, nikatia bleach. Maji maangavu yakageuka rangi ya kutu.

Nikapiga kelele mpaka jirani akachungulia uani. Uchafu haukuwa kwenye kanzu. Ulikuwa kwenye maji, umejificha, na bleach ndiyo iliyokuwa ikiutoa mafichoni na kuubandika kwenye nguo. Mimi nilikuwa nazipaka kutu kwa mikono yangu, tena kwa bidii.

Nikakimbia sokoni Kongowea. Muuza ndimu akaniangalia navyojaza gunia akauliza, "Wataka kutia achari mtaa mzima?" Nikamwambia aongeze.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Kosa langu la mwisho lilikuwa kukamua ndimu kwenye beseni lililobaki na bleach. Ule moshi ulinikaba koo, Mwanasha akanivuta nje kwa ukosi. Bleach na ndimu havikutani kabisa. Msijaribu.

Tulizisuuza kanzu kwanza mpaka harufu ya bleach ikaisha. Kisha ndimu na chumvi (ndiyo hiyo chumvi yenyewe) juu ya kila baka, tukazilaza juani. Lile jua la Mombasa tunalolilaani kila siku lilifanya kazi siku ile. Manjano yakaanza kukimbia, nikawa naenda kuchungulia kila mara kama mtu aliyebandika wali.

Maji ya kufulia tukayafanyia hila. Nilitia bleach kwenye pipa la plastiki kabla nguo hazijaingia, nikayaacha yalale. Asubuhi kutu yote imetuama chini. Nikayateka ya juu polepole, nikayachuja kwa mchanga uliooshwa na kitambaa kizito. Hayo ndiyo tukafulia, ndimu ikiwa imeshasuuzwa yote. Baadaye jirani mwalimu wa sayansi alinieleza kuwa ni madini ya chuma, yameyeyuka ndani ya maji kwa hiyo huyaoni. Mimi nilikuwa nishayaona, kwenye kikombe.

Siku ya zefe nilisimama mbele ya kibanda. Dufu zikaja, vijana wakatokea kwenye kona, na zile kanzu zilikuwa nyeupe mpaka nikafumba macho. Sikuona uso wa mtu. Nilikuwa natazama mapindo tu. Mwanasha akanifinya. "Mtazame Maalim."

Maalim alikuwa katikati yao, na kanzu yake ya dobi wa mjini ilikuwa na umanjano kidogo. Peke yake usingeuona. Kati ya wale vijana ulionekana.

Siku iliyofuata akaja kibandani, ameikunja kanzu ile chini ya kwapa, akaiweka mezani.

"Na hini pia," akasema. Akakaa, akaomba chai.

Funzo langu, wakuu: nguo ikikataa kutakata, usiishambulie. Yachunguze maji kwanza. Mkiwa na experience ya maji ya visima vya kwenu leteni hapa, na wale wa bara msione haya.

Ila kabla hujaniuliza utumie sabuni gani, chemsha chai ya rangi kwa maji yako, kisha urudi uniambie imetoka rangi gani.