Fundi Bado na Swichi Iliyofungwa

Mtaa mzima ulimwita Fundi Bado, na jina hilo hakulipata bure. Mteja akija asubuhi kuulizia pikipiki yake, bado. Akirudi jioni, bado. Wapo waliomcheka na wapo waliomnunia, lakini hakuna aliyemhama, maana pikipiki ikitoka kwenye baraza lake imetoka kweli. Mwenyewe alikuwa akisema heri mteja anune akiwa mzima.

Sasa mganga hajigangi, si ndiyo? Pikipiki iliyokaa foleni kuliko zote ilikuwa ya binti yake wa kumzaa, mkunga wa zahanati iliyo ng'ambo ya mlima. Wiki tatu binti alilalamika kwamba swichi ya ufunguo inamzimia njiani, akikanyaga shimo tu injini kimya. Baba akamjibu lile jibu lake la siku zote. Hatimaye asubuhi moja akapachika miwani yake yenye mkono mmoja, akaifungua swichi, na alichokiona kikamfanya aache kupiga mluzi.

Kumbe swichi ilikuwa na maradhi mengine. Ndani yake hukaa pini ya chuma, ile inayofunga stelingi pikipiki ikiegeshwa ili mwizi asiisukume. Springi ya pini ilikuwa imekatika. Alipoikata stelingi kushoto mpaka mwisho, pini ilichomoka yenyewe, tak, na stelingi ikaganda. Akajaribu tena, tak. Akaufikiria mlima anaopanda na kushuka mwanawe kila siku.

Dawa ilikuwa swichi mpya. Ili pikipiki isije ikajifunga pale pale na kuziba mlango wa watu, aliirudisha pini ndani, akaizungushia kipande cha mpira wa tyubu, akakaza fundo. Ndipo mkewe, aliyekuwa anaanika nguo uani, alipopaza sauti kumuuliza kama swichi ya mtoto ameshaifunga.

"Nimeifunga," akajibu, huku anatafuta kandambili zake aende dukani.

Jamani, neno moja tu! Fundi alikuwa anasema habari ya mpira. Mkewe, aliyelala na kuamka na fundi miaka thelathini, alilisikia neno kama mafundi wote wanavyolisema: spea ikishakaa mahali pake, imefungwa. Tena alifurahi, kwa kuwa mara hii hakusikia bado.

Kwenye duka la spea fundi alikawia. Muuzaji alikuwa na maneno mengi kuliko bidhaa, na swichi tatu za kwanza hazikulingana. Aliporudi na ya nne mfukoni, mahali pa pikipiki ya binti palikuwa na doa la oili tu. Mkewe akamweleza, uso umemchangamka, kwamba binti amepigiwa simu, kuna mama kashikwa na uchungu kule zahanati, na yeye mwenyewe amempa binti ufunguo na kumtoa wasiwasi kabisa kuwa baba ameshaifunga.

"Niliifunga mpira, mama watoto," fundi alisema. "Mpira."

Mkewe alimtazama usoni, na shuka aliyoshika ikamdondoka.

Fundi alirukia pikipiki ya mwalimu mmoja, ambayo breki yake ya mbele nayo ilikuwa bado, akaondoka kichwa wazi. Mkewe alimkimbilia akitaka wampigie binti simu, naye akakataa kwa ukali ambao mama wa watu hakuwahi kuuona. Alimjua mwanawe. Simu ikilia huipokea huku anaendesha, kwa mkono mmoja. Simu ingemuua kabla ya pini.

Mlima ule una kona saba, nne zinakata kushoto. Kila akifika kwenye kona alitazama bondeni kwanza, barabara baadaye. Kona ya kwanza, bonde tupu. Ya pili, kitu chekundu kama pikipiki ya mwanawe kikang'aa kwenye majani, moyo ukampasuka. Kumbe ndoo mbovu. Jua lilikuwa kali, lakini meno yalimgongana kwa hofu. Njia nzima alijisema vibaya. Wiki tatu, mzee mzima! Pikipiki za watu baki zinapona, ya mwanao unaiachia kipande cha mpira!

Kwenye kona ya mwisho ya kushoto, iliyo kali kuliko zote, watu walikuwa wamejazana ukingoni, wameinama wanatazama chini. Alishuka, akapenya katikati yao bila kuomba njia. Gunia la mahindi lilikuwa limepasuka na wenyewe wanaokota. Mmoja akamuuliza kama anaumwa. Fundi akairudia pikipiki mbio, akaiwasha.

Pikipiki ya binti aliiona kwenye uwanja wa zahanati, imeegeshwa kivulini, stelingi imekatwa kushoto. Akaishika, akavuta. Haikutikisika. Akainama kuchungulia. Mpira wa tyubu ulikuwa chini karibu na tairi, vipande viwili. Ulivumilia mlima mzima, kona zote saba, ukaja kukatika wakati binti anaegesha. Fundi alikaa kwenye vumbi palepale, akalia, wala hakujali nani anamwona.

Binti alitoka baada ya muda mrefu, mikono imelowa mpaka viwiko, akamwambia kwamba ni mtoto wa kike na mama yake hajambo. Kisha akaona jinsi baba yake alivyokaa chini na swichi mpya mkononi, akadhani mzee amechoshwa na jua tu. Akajaribu kuinyoosha pikipiki yake, ikagoma.

"Baba, mbona stelingi imejifunga? Mama alisema umeshaimaliza kazi."

Fundi alimtazama mwanawe kuanzia kichwani mpaka miguuni, kisha akarudia tena kichwani, kama mtu anayekagua.

"Bado, mwanangu," alisema. "Bado."

Binti akacheka, kama wanavyocheka watu wote mtaani. Fundi akamwomba amshikie bisibisi, maana skrubu alikuwa haioni kwa machozi.