Usiku Mbili Mlimani

Tuligombana juu ya usiku kumi na mbili. Mimi na mama yangu tulikuwa tunajiandaa kwenda Italia kumtembelea mdogo wangu, ambaye tulikuwa hatujamwona kwa miaka tisa, na ofisi ya visa ilitaka karatasi inayoonyesha kila usiku tutalala wapi: mji, tarehe, na nyumba. Basi ikabidi tupange.

Mdogo wangu anamtunza bibi mmoja mzee katika mji mdogo uliojengwa juu ya mlima. Anamwogesha, anampikia, anamtoa nje jua likiwaka. Mtoto wa kiume wa yule bibi ndiye aliyetuandikia barua ya mwaliko. Mpango wa kwanza mdogo wangu aliutuma kwa simu: Roma usiku nne, Florensi usiku nne, Venisi usiku mbili, halafu mlimani kwake usiku mbili, mwishoni kabisa.

Nilimsomea Mama mpango huo nyumbani kwake Laini Saba, hapa Nairobi, Jumapili baada ya kanisa. Alikuwa ameweka sinia ya omena, wale dagaa wa ziwani, mapajani, anachambua za kuuza kesho yake. Hakuinua kichwa mpaka nikamaliza.

"Roma kuna nani?" akauliza.

"Kuna makanisa makubwa, Mama. Kuna majengo ya zamani sana. Watu wanatoka kila mahali kwenda kuyaona."

"Nimeuliza kuna nani."

"Hakuna mtu."

"Na hapo pengine, Florensi?"

"Pia hakuna."

"Sasa, nyara, unataka kunilaza usiku kumi kwa watu sijui, halafu usiku mbili kwa mtoto nimezaa?"

Nyara maana yake "binti yangu", kwa lugha yetu ya ziwani. Alituita hivyo sisi wote wawili, na akiwa amekasirika alilivuta lile neno mpaka likawa refu.

Nitasema ukweli: mimi nilitaka miji. Nashona yunifomu za shule kituo cha Kawangware 56, kibanda changu kinatazama ukuta wa duka la hardware, na safari yangu ndefu kuliko zote imekuwa ya kwenda nyumbani kwa matanga. Nilikuwa nimeangalia Venisi kwa simu, maji yamefika mlangoni kama mgeni, nikaitamani mpaka nikajionea haya. Kwa hiyo nilichukua upande wa mdogo wangu. Nikamweleza Mama mambo niliyosoma, kwa sauti ya mtu aliyeenda huko mara kumi. Kwamba kila ukihama hoteli unapoteza nusu siku. Kwamba treni haifiki kwenye miji ya milimani, lazima ushuke stesheni ya bondeni ungoje basi, na Jumapili basi hakuna. Kwamba mji kama huo unauzunguka wote kwa alasiri moja, lakini Roma hata wiki haitoshi.

Mama akapuliza magamba kutoka kwenye sinia. "Mimi siendi kuona mji," akasema. "Naenda kuona mahali mtoto wangu analala. Nione sufuria yake. Nione anasali wapi, na nani anamsalimia akipita. Nikishaona hivyo, hata mkinirudisha siku hiyo hiyo, sawa."

Jumapili iliyofuata tulimpigia mdogo wangu simu ya video. Alikaa kwenye ile sebule tuliyoizoea, yenye kabati la sahani za maua, ambayo siku zote aliiita "kwangu." Mama akashika simu mwenyewe.

"Gawa hivi," akamwambia. "Huko kwako mlimani, kumi. Roma, mbili. Moja ya kushuka ndege na moja ya kupanda."

Mdogo wangu akacheka, lakini kicheko hakikukaa vizuri. "Mama, huku ni baridi. Na ngazi ni nyingi, gari haifiki mlangoni. Magoti yako hayataweza."

"Magoti yangu nayajua mimi."

Kesho yake, nikiwa nashona kola, alinipigia mimi peke yangu. Nilidhani anataka kunishukuru. Akaanza kulia kabla hajasema neno.

"Hakuna kwangu," akasema. "Hiyo sebule ni yao. Mimi nalala kitanda cha kukunja, chumba kimoja na bibi. Nikinyoosha mkono nagusa kitanda chake. Asubuhi nakikunja nakiweka nyuma ya mlango."

"Na hizo usiku mbili?"

"Mwanawe amekubali kumchukua bibi kwake usiku mbili, ndio nyinyi mlale hapo. Nimemwomba mwezi mzima. Mbili ndizo amenipa."

Nikamwambia amweleze Mama. Akasema miaka tisa amekuwa akimwambia ana nyumba ya vyumba viwili, na sasa hajui aanzie wapi. Nikamwambia basi tukodi hoteli hapo hapo mlimani. Akanijibu kwamba Mama angeuliza mara moja kwa nini mtoto ana nyumba na mama yake analala hotelini. Na ni kweli angeuliza. Kabla ya kukata simu akaniapisha nisimwambie Mama.

Toka siku hiyo nikawa mlinzi wa zile usiku mbili. Kila Mama alipoongeza, nilipunguza. Alipotaka sita, nilisema baridi. Alipotaka nne, nilisema ngazi. Na kila mara nilimalizia na magoti, kwa sababu magoti ndiyo kitu pekee ambacho hakuweza kunibishia. Alikuwa akiteremka kitandani nasikia yanavyolia.

Baada ya wiki mbili hivi, jirani yake, mama mmoja anayeuza makaa kando ya reli, aliniambia, "Mama yako ana nini? Kila asubuhi anateremka mpaka mtoni halafu anapanda tena. Hanunui kitu, habebi kitu."

Nilienda mwenyewe kuona. Kumekucha, watu wanakwenda kazini, na Mama anapanda ule mteremko wa Laini Saba, sketi ameikamata kwa mkono mmoja, raba zangu za zamani miguuni. Anapanda hatua kumi, anasimama, anashika ukuta wa mabati, anapanda kumi nyingine. Aliponiona hakuona aibu hata kidogo.

"Nazoeza magoti," akasema, akihema. "Mpaka siku ya safari yatakuwa yamezoea mlima. Mwambie mdogo wako."

Nilimshika mkono tukamalizia pamoja mpaka relini. Ningeweza kumwambia hapo. Hapakuwa na mtu karibu wa kutusikia. Badala yake nikamwambia avae soksi nzito.

Mwishowe alikubali, ila kwa namna yake. "Andika mbili," akasema. "Nikishafika nitakataa kuondoka, tuone nani atanibeba."

Tukapeleka karatasi: Roma nne, Florensi nne, Venisi mbili, mlimani mbili. Tukangoja. Majibu yalipotoka tulikuwa tumekataliwa wote wawili. Barua ilisema hawakuridhika kwamba tungerudi nyumbani. Tulikuwa tumesimama nje kando ya barabara, nikamsomea Mama pole pole kwa Kiswahili. Akasema nimpigie mdogo wangu pale pale, niweke sauti.

Nikampa habari. Halafu tukasikia pumzi ndefu ikitoka, kama ya mtu anayetua mtungi kichwani. Kisha akasema, "Pole, Mama. Pole sana. Tutajaribu tena."

Mama akaniashiria nikate. Tukatembea mpaka kwenye kivuli cha mti wa barabarani, akakaa ukingoni.

"Umesikia alivyopumua?"

"Amehuzunika, Mama."

"Hapana. Huyo amefurahi." Alisema bila hasira. "Hana nyumba, ama?"

Nikainama nikajifanya nakunja barua.

Ndipo aliponieleza jambo ambalo sikuwa nimelijua maisha yangu yote. Tulipokuwa wadogo tulilelewa na shangazi kule Kawangware, mtaa unaoitwa Kongo, na Mama alikuwa akifanya kazi ya nyumba Lavington kwa matajiri, analala huko huko. Mwisho wa mwezi shangazi alitupeleka kumwona. Mama alitungoja nje ya geti amevaa vizuri, halafu anatupeleka bustani ya Uhuru Park, tunapanda boti, tunakula barafu ya rangi. Tulijiona watoto wenye bahati.

"Mlikuwa mnalia mnataka kuona ninapolala," akasema. "Nikawaambia kuna mbwa kali. Hakukuwa na mbwa. Kulikuwa na stoo, na godoro langu katikati ya magunia ya makaa na baiskeli za watoto wao. Bora mle barafu." Akatazama barabara. "Mdogo wako ananipeleka Roma kama mimi nilivyowapeleka Uhuru Park. Ni mtoto wangu kabisa."

Nikaanza kulia. Akanipa leso yake.

"Usimwambie kwamba najua," akasema. "Umesikia? Amejenga hiyo nyumba miaka tisa. Mwache nayo."

Kwa hiyo nikawa na siri mbili, kila moja ya kumficha mwingine. Na Mama, baada ya siku hiyo, aliipenda ile nyumba kuliko mwenye nyumba. Kila Jumapili aliuliza habari zake. "Umebadilisha pazia?" Mdogo wangu akajibu ndiyo, amenunua za kijani. "Za kijani zitakupendeza. Na paa haivuji?" Haivuji. Mimi nilikaa pembeni naangalia mikono yangu.

Mdogo wangu aliahidi kuja Desemba. Tiketi ilikuwa tayari, lakini bibi akaanguka bafuni akavunjika nyonga, na hakukuwa na mtu mwingine wa kumtunza. Mama akamwambia, "Kaa na mgonjwa. Hata mimi ningekaa." Mvua za masika zilipoanza, Mama alianguka akiwa anapima omena za mteja. Daktari alisema ni presha, imepasua mshipa kichwani. Aliishi siku tatu. Nusu ya mwili haikusikia kitu, ila alinijua, na aliongea kidogo.

Mdogo wangu alifika siku mbili kabla ya mazishi. Nilimwona uwanja wa ndege anavuta sanduku, amenenepa usoni, mikono imechubuka kwa sabuni. Tulimzika Mama nyumbani, karibu na ziwa, kisha tukarudi Nairobi kuondoa vitu vyake Laini Saba.

Tulikuwa tunafunga vyombo alipokuja yule mama wa makaa kutoa pole. Akamsifu Mama, akasema alikuwa na nguvu, kwamba mwaka uliopita alikuwa akipanda mteremko kila asubuhi kama kijana. Alipoondoka, mdogo wangu akaniuliza, "Alikuwa anapanda kwa nini?"

"Ulisema magoti yake hayataweza ngazi."

Akakaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa. Niliona uso wake ukivunjika, nikadhani nina dawa mkononi. Nikamwambia yote: ile pumzi, lile godoro la stoo, na kwamba Mama alijua na hakumlaumu hata kidogo. Nilitaka apoe.

Akainuka kwenye ndoo.

"Alijua," akasema, "na wewe ukanyamaza mwaka mzima?"

"Alinikataza."

"Mimi pia nilikukataza! Kila mtu anakukataza na wewe unakubali tu?" Sauti ikapanda mpaka watu wa nje wakanyamaza. "Mwaka mzima nimemdanganya mtu anayejua. Mapazia! Ameniuliza mapazia nikamwambia ya kijani. Kama ningejua anajua, ningempigia siku hiyo hiyo nimwonyeshe hicho kitanda. Ningelia kwake mara moja tu, nipumzike."

Mpaka leo napiga hesabu ile. Ningemwambia Mama kabla ya safari kukataliwa, angeacha kupanda mteremko, au labda angepanda zaidi. Ningemwambia mdogo wangu baadaye, wangepata miezi kumi ya kusema kweli. Niliona kunyamaza ni heshima. Ilikuwa pia ni rahisi.

Tukakunja shuka za Mama, mmoja upande huu na mwingine upande ule, tunakutana katikati, tunaachana. Baada ya siku nne nikamsindikiza uwanja wa ndege. Alinikumbatia, lakini kama mtu anayekumbatia mgeni wa heshima. Alipofika alinitumia neno moja: Nimefika. Nikajibu: Sawa. Miezi ikapita hivyo.

Alinipigia mwezi uliopita, Jumapili mchana, kibanda kimefungwa na mimi napiga pasi. Tuliongea habari za bibi, za bei ya kitambaa, za mvua. Kisha hakukata simu, nikajua hajamaliza.

"Zile siku tatu," akasema. "Alikuwa anasema nini? Sema yote. Usinifiche hata moja."

Nikazima pasi, nikavuta stuli. Nikamwambia Mama alivyouliza kama omena zimeingizwa ndani zisinyeshewe. Alivyokataa uji wa hospitali akauita maji ya kuoshea kikombe. Alivyoniita kwa jina la mdogo wangu mara mbili, na mimi nikaitika. Alivyoimba wimbo wa kanisa kwa upande mmoja wa mdomo, akakosea beti, akacheka. Nilimsikia mdogo wangu akilia pole pole, bila kuficha, na nikaendelea kusema.

Nilikuwa nimefika asubuhi ya siku ya tatu niliposikia sauti ya kizee ikiita nyuma yake, kwa lugha nisiyoijua. Akasema anaitwa, atanipigia tena nimalizie, akakata.