Ndizi Pacha za Baba Watoto

Mama yangu alinikataza ndizi pacha tangu nikiwa mdogo. Ndizi mbili zilizoshikana ndani ya ganda moja, msichana akizila, alisema, atazaa wawili kwa mpigo. Na yeye, aliyezaliwa pacha, alijua adha yake. Nilipoolewa Magamba nikamkuta mama mkwe naye ana marufuku hiyo hiyo. Basi kila ndizi pacha iliyoingia nyumbani ikawa haki ya mume wangu. Alizila mbele yangu, taratibu, huku ananitazama.

Halafu nikazaa mapacha. Wa kiume mweupe, kichwa hakina hata unywele. Wa kike mweusi, nywele tele. Ungewakuta mahali ungedhani ni watoto wa jirani na jirani.

Mume wangu majivuno yakampanda kichwani. Alishuka sokoni Lushoto akatangaza kwamba ndizi zimefanya kazi, tena kupitia kwake. Wanaume wazima, wenye akili zao, wakaanza kupekua mikungu ya watu. Mimi niliyetapika na kuvimba miguu sikutajwa popote.

Ningecheka yakaisha, lakini mama mkwe naye akadakia. Mapacha wametoka upande wa baba, akasema, kwa hiyo majina yote mawili yatatoka upande wa baba. Hapo nikapandwa na hasira kwelikweli. La wa kiume, aliyetangulia, sikuwa na ubishi nalo. Wa kike nilitaka apewe jina la mama yangu, aliyefariki kabla hajajua kama nina mimba. Jina lile nililishikilia tangu siku ya mazishi. Nikamwambia mume wangu akazungumze na mama yake. Akasema tusimuudhi mama, kisha akamenya ndizi.

Siku ya chanjo tulikwenda wote, mama mkwe amembeba wa kike. Zamu yetu ilipofika alimsimulia nesi habari ya ndizi mwanzo hadi mwisho. Nesi hakucheka. Aliuliza tu kama upande wangu kuna mapacha, nikamjibu mama yangu alikuwa pacha. Akaeleza, kwa sauti ya kusikika benchi zima, kwamba mapacha wasiofanana kama hawa hutokana na mayai mawili. Kwa kawaida mwili wa mwanamke hukomaza yai moja kwa mwezi. Kuna wengine ambao homoni inayokomaza mayai huwa nyingi, ama kwa kurithi, ama kwa kuwa umri umesogea, na yakatoka mawili. Aliposema umri alinitazama mimi. Nilimsamehe.

"Na baba je?" mume wangu akauliza.

"Baba anarutubisha aliyoyakuta," nesi akamjibu. "Yai la pili hawezi kulileta. Hata kama kwao kuna mapacha, labda waje kuonekana kwa binti yake."

Wanawake wa kwenye benchi wakainamisha vichwa, mabega yanatikisika. Mume wangu akajishughulisha na kofia ya mtoto, ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Tulirudi Magamba. Nilishajiandaa kwa ugomvi, maneno yangu yote nimeyapanga kuanzia la kwanza hadi la kumwaga machozi. Tulipofika, mama mkwe hakukaa. Alimlaza wa kike kitandani, akamfunua uso, akamtazama sana. Kisha akakunja goti kidogo, kama alivyokuwa akifanya kila alipokutana na mama yangu, kwa kuwa mama alimzidi umri.

"Shikamoo, mkwe wangu," akamwambia mtoto.

Mtoto akapiga chafya. Ilibidi nimwitikie mimi, marahaba, na maneno yangu yote niliyoyapanga sikuyahitaji tena.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, ndizi pacha mkononi, hajui aile au airudishe jikoni. Mwishowe akaimenya, akanipa. Nikaila yote mbele yake, taratibu, huku namtazama.