Siku Tuliyompigia Hodi Mwenyewe wa Bonde la Zigi

Daktari alimwambia mume wangu, Seif, atembee kwa ajili ya sukari. Akaanza kuzunguka mitaa ya kwetu Ngamiani, Tanga mjini, na kila baraza anaitwa anywe chai. Chai yenyewe tamu! Nikaona hapa hatutibu, tunaua. Nikampigia simu shoga yangu Mama Agnesi, mteja wangu wa vitenge, anayekaa bonde la mto Zigi. Akasema, "Njooni Jumamosi. Huku atatembea mpaka akome."

Asubuhi na mapema tulitoka mjini kwa basi, tukapita Pongwe umande haujakauka, tukashukia mbele ya mashamba ya mkonge. Mama Agnesi alikuwa anatungoja njia panda na kapu la mihogo ya kuchemsha. Wazazi wake walikuja zamani kukata mkonge, wakabaki hukohuko. Yeye ni Mlutheri wa kwaya, na njia nzima alikuwa akiimba.

Tulipanda kilima, tukateremka kwenye michungwa, bonde likafunguka. Nilifurahi, nisiseme uongo. Mto ulikuwa chini, wa kahawia, umetulia, migomba imeuinamia. Seif alitutangulia kwa mbali, fimbo mkononi, utadhani kijana anakwenda kuposa.

Karibu na migomba Mama Agnesi akapaza sauti. "Shemeji! Angalia huko chini, leo mwenyewe yupo! Asubuhi kaonekana!"

"Yupo?" Seif akajibu kwa furaha. "Basi wacha miye nikamwamkie!"

Hapo lazima mmjue mume wangu. Ni wa ukoo wa Waarabu wa zamani, wenye minazi yao, na kwao kukatiza shamba la mtu bila kupiga hodi ni aibu ya kufa mtu. Akaongeza mwendo, akapotelea kwenye migomba.

Mama Agnesi akacheka. "Shemeji ana utani huyu!"

"Huyo mwenye shamba anaitwa nani?" nikamuuliza. "Nami nimwamkie kwa jina."

Kicheko kikamkatika. "Shamba gani?"

"Si umesema mwenyewe yupo?"

Alinitazama, kisha akalitupa kapu. "Mamba!" akapiga ukelele huku anakimbia. "Shemeji, mamba! Mamba!"

Nami nikamfuata mbio. Tulimkuta Seif amechuchumaa ukingoni, ananawa mkono ili ampe mwenyeji mkono safi. "Hodi! Shikamoo, mzee!" alikuwa akiita kuelekea ng'ambo. Akatugeukia kuuliza kelele ni za nini, na nyuma yake maji yakapasuka.

Niliona meno. Niliyaona, jamani, karibu na mgongo wa mume wangu! Mama Agnesi alimdaka ukosi wa shati akamvuta, wakaanguka wote wawili matopeni. Taya zikabana fimbo yake, ikavunjika. Nikasikia mtu analia, kumbe ni mimi.

Adhuhuri tulikuwa nyumbani kwa Mama Agnesi. Mimi nilikuwa na hofu na hasira pamoja. Mama Agnesi akaeleza, machozi yakimtoka, kwamba watu wa mtoni hawalitaji jina la mnyama yule. Humwita "mwenyewe" tu, yaani mwenye mto. "Nilidhani Tanga nzima inajua," akasema. "Nisameheni."

Alasiri alitusindikiza hadi barabarani, taratibu, bila kuimba. Mpaka leo ninapoandika haya bado nashtuka nikikumbuka jinsi neno nililolijua tangu utotoni lilivyotaka kunifanya mjane. Siku hizi nikienda ugenini, hata kwa watu wa lugha yangu, nauliza: ni nani huyo mnayemsema? Wanicheke wapendavyo.

Siku ile, basi la kurudi mjini lilipotokeza, nikashindwa kujizuia. "Lakini shoga, kwa nini hukusema mamba tangu mwanzo?"

"Ukimtaja, huja."

"Na pale ulipomtaja?"

Akamtazama Seif, aliyekuwa bado na matope shatini.

"Pale alikuwa keshakuja."