Gari la Babu Liliponyamaza

Enzi zetu, wenzangu wa Kisugu mtanikumbusha, wakati ule wanajeshi wametawala, mtoto alijua gari la baba yake kwa sauti kabla halijakata kona. La kwetu lilikuwa ta-ta-ta, kama mtu anatafuna njugu mbichi. Baba alilirithi kwa babu, akabebea matoke hadi soko la Nateete, ndipo tukala. Mama keshafariki. Tulikuwa wawili tu, na kelele ile.

Kila Jumapili Baba alifungua kava la injini, akaseti valvu. Kipimo hakuna, spea hakuna mji mzima. Nafasi kati ya valvu na chuma kinachoisukuma aliipima kwa wembe wa ndevu. Ikifika Jumatano, ta-ta-ta imerudi. Wasichana wenzangu wakiruka kamba, mimi nimeshika spana, nanuka oili, hakuna anayetaka kunishika mkono. Baba aliniegemezea bisibisi sikioni, ncha juu ya injini: "Sikiliza, mwanangu. Chuma hakijui kusema uongo."

Darasa la tatu ndilo nililofikia. Lakini mafundi wawili wa Bugolobi walishindwa, mimi nikatia kidole kwenye vile vyuma vinavyosukuma valvu, kikatoka kikavu.

"Baba, huku juu oili haifiki."

Akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Lo! Nakata kucha, kumbe koo ndilo limekauka!"

Tundu la kupandishia oili lilikuwa limeziba. Tukalizibua kwa waya wa breki ya baiskeli. Injini ikatulia kama paka aliyeshiba. Baba akanibeba mabegani, mtaa mzima unione.

Jirani yetu Mama Zubeda hakucheka. "Nyie mna wazimu? Mngeliacha likohoe. Gari gonjwa halina mchumba!"

Siku ya nne, kwenye kizuizi cha wanajeshi, askari akasikiliza, akatabasamu. "Hii gari iko mzuri. Mzee, toka."

Baba alirudi kwa miguu. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakuniita tena nisikilize kitu.

Leo mjukuu wangu anachomeka kimashine kwenye gari, anangoja kimwambie linaumwa nini. Nikisogea: "Jajja, kaa, utachafuka." Nakaa. Namwambia enzi zetu tuliogopa gari kupona. Anacheka mpaka simu inamponyoka. Simlaumu, kwake kitu kikipona kinabaki kuwa chako. Lakini angekuwepo Baba hapa, tungekuwa wawili tusiocheka.